Safu ya Umri

Mama yake alisema, "Andika kumi na tisa."
Alisema haraka, kama mtu anayetaja bei
akijua itashushwa.
Nikashika kalamu, nikaitazama miguu ya binti:
imevimba hadi vifundo vimepotea,
na chini ya goti, pale soksi za shule
zilipozuia jua miaka yote,
ngozi bado ina mpaka.

Nikabonyeza kwa dole gumba.
Shimo likabaki,
kama kwenye tonge la udaga lililosahauliwa sahanini.
"Mbuke," nikasema, "niambie wewe. Miaka mingapi?"
Akatazama mizani ya watoto wachanga.
"Natimiza kumi na tano senene wakianza."

Hapa Kome kuhesabu tunajua.
Ndoo za dagaa, lita za petroli,
usiku wa giza wa kuvua na wa mbalamwezi wa kulala.
Lakini kadi yake ya kliniki ilikuwa na hudhurio moja tu;
miezi sita aliishi ndani ya sweta la kaka yake.
Presha: mia na sabini, chini mia na kumi na tano.
Damu: saba. Nikashusha kope,
ndani mweupe kama tumbo la sangara.

"Kichwa?"
"Kinauma tangu juzi."
"Macho?"
"Naona vimulimuli mchana."
Mama yake akacheka kidogo, akidhani ni utoto.
Mimi nilikuwa tayari kabatini, natafuta magineziamu.

Kifafa cha mimba kilimkuta kabla sijarudi.
Sitakisimulia.
Mlangoni mtu mzima alianza kuyaita mashetani ya ziwa kwa majina.
Nilimlaza ubavu, nikachoma paja hili, nikachoma na lile,
nikasema kwa sauti kuliko nilivyokusudia:
huyu hana shetani. Ana mwili
ambao haujamaliza kujijenga,
umepewa kujenga mwingine
kwa tofali zilezile.

Kivuko kilikuwa kimelala Nyakaliro.
Malimi mwenye boti aliuliza nani atalipa mafuta,
akamwona, akawasha injini bila kungoja jibu.
Njia nzima niliinua dripu hadi mkono ukafa ganzi,
nahesabu pumzi, nakosea, naanza tena moja.

Sengerema wakampasua usiku uleule.
Daktari alisema nyonga ni za mtoto wa darasa la saba;
kungoja ingekuwa kuchanika ndani,
na kuchanika ni kuvuja mkojo bila kujijua,
ni kukaa peke yako mwisho wa benchi
ungali msichana.

Kilo moja na gramu mia tatu hamsini.
Hakulia, alikoroma kama paka aliyelowa.
Kunyonya hakujua. Alijua kutafuta joto, basi.

Nilipokwenda kuwaona, siku ya kumi na moja,
bibi yake, yuleyule wa kumi na tisa,
alikuwa amemfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, kitenge juu.
Wauguzi wakasema analala ameketi.
Akaniambia, bila kunitazama:
"Mbuke nilimzaa nina kumi na saba.
Kabla yake alikuwapo mwingine.
Hatukuwahi kumpa jina."

Nikakosa la kusema. Nikarekebisha kitenge
ambacho hakikuhitaji kurekebishwa.

Mbuke alikuwa anakamua maziwa kwenye kikombe cha plastiki,
uso umekunjwa kama mtu aliyekwama kwenye hesabu ya sehemu.
Akaweka kikombe chini, akanyoosha mguu.
"Bonyeza."
Nikabonyeza. Ngozi ikarudi.
"Tena."
Ikarudi.

Nimerudi Kome. Daftari liko wazi mezani.
Kwenye safu ya umri nimeandika kumi na nne, kwa wino,
na karani wa wilaya amepiga simu asubuhi hii
kuuliza kama nilikosea.